Baraza lilipoikataa rangi niliyoichagua

Ile rangi ya kijivu ilinipendeza tangu siku ya kwanza nilipoiona kwenye kadi ya rangi dukani. Kikaratasi chenyewe kilikuwa kidogo kama stempu mbili zilizowekwa pamoja, nami nilikaa nacho mfukoni wiki nzima, nikikitoa na kukitazama kila nilipopata nafasi. Jumamosi tukapiga mkono wa kwanza asubuhi na wa pili alasiri, ukuta wote wa baraza la nyumba ya Mama, kuanzia mlangoni mpaka pembe ya mwisho. Jumapili nilipotoka nje saa moja asubuhi nikakuta ukuta wa buluu.

Sisemi kijivu chenye dalili ya buluu. Ulikuwa buluu kabisa, na baridi, kama maji ya kisima yanavyoonekana ukichungulia kutoka juu. Mama alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake. Aliutazama ukuta, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, hii ndiyo ile kijivu uliyonionyesha?"

"Ndiyo, Mama."

Hakusema lingine. Jioni jua lilipoteremka na kuingia barazani, ukuta uleule ukageuka zambarau iliyopauka. Hapo nikaelewa kwamba sikukosea rangi peke yake. Nilikosea namna nzima ya kuchagua.

Baraza letu linatazama magharibi. Tangu kunapopambazuka mpaka kama saa saba mchana halipati jua la moja kwa moja. Linamulikwa na anga, na anga ni buluu. Sikuwahi kufikiri kwamba kivuli cha nje kina rangi yake, lakini kinayo, na chochote kilichowekwa ndani yake huivaa. Jioni mambo hugeuka. Jua likiwa chini, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia, sehemu kubwa ya ubuluu wake hutawanyika njiani, na kinachoingia barazani ni manjano na wekundu. Ile kijivu yangu ilikuwa imechanganywa kwa nyeupe, nyeusi na tone la buluu. Dukani, chini ya taa yenye umanjano, lile tone lilikuwa limelala. Kivulini kwetu likaamka.

Halafu kuna suala la ukubwa. Rangi ikiwa kipande kidogo kwenye karatasi nyeupe huonekana imetulia. Ikitandazwa ukuta mzima huzungumza kwa sauti kubwa. Na mwangaza wa nje ni mkali mara nyingi kuliko wa ndani ya chumba, kiasi kwamba rangi unayoiona ya wastani ukiwa mezani huonekana nyepesi ukiipeleka juani. Ndiyo maana wanaojua kazi hii hukushauri uchague rangi ya nje ikiwa imekolea hatua moja au mbili zaidi ya ile moyo wako unayoitaka. Sikulijua hilo.

Niliacha ukuta ule kama ulivyo kwa mwezi mzima. Dada alipokuja aliniuliza kwa nini siupaki upya, nikamwambia sitaki kukimbilia kosa la pili. Kila asubuhi, mchana na jioni nilisimama mbele ya nyumba na kutazama, kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kununua hata kopo moja.

Nilianza na vitu ambavyo sitavibadilisha. Paa ni la vigae vya udongo, vyekundu vinavyoelekea rangi ya machungwa, vyenye madoa meusi ya kuvu ya miaka mingi. Msingi ni wa mawe yenye umanjano. Mbele kuna nyasi, na jua likizipiga hurusha ukijani mpaka kwenye dari ya baraza. Ukikaa kimya utauona. Hivi vitatu ndio wenyeji wa pale, na rangi yoyote mpya ni mgeni anayekuja kuishi nao. Mimi nilikuwa nimemleta mgeni bila kuwauliza wenyeji.

Paa hasa lilikuwa na mkono katika ule ubuluu. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikutana na jambo la jamaa hii alipokuwa msimamizi wa kazi ya kutia nyuzi rangi kwenye karakana za ufumaji za Gobelins mjini Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zilizofumwa kwenye vivuli vya nguo za buluu na zambarau zilikuwa hafifu. Akazichunguza, akakuta weusi wenyewe hauna kasoro. Kilichoufifisha ni rangi zilizouzunguka. Mwaka 1839 akachapisha kazi yake kubwa kuhusu namna rangi zinavyobadilishana sura zikikaa karibu: kila moja huisukuma jirani yake kuelekea upande ulio kinyume na wake. Kinyume cha rangi ya machungwa ni buluu. Vigae vyetu vilikuwa vinaisukuma kijivu yangu kutwa nzima, nayo tayari ilikuwa na mahali pa kuangukia.

Nikataka pia kujua nyumba hii iliwahi kuvaa nini. Ina zaidi ya miaka 80 na imepakwa rangi mara nyingi. Hapa naomba msomaji asimame nami kidogo, kwa sababu hapa ndipo ningeweza kuumiza watu ninaowapenda. Nilikuwa nimeshika msasa mkavu, tayari kuzisugua nguzo za mbao, na watoto wa dada walikuwa wakicheza chini yake. Fundi mmoja mzee tuliyemwita aangalie ukuta akanishika mkono. "Weka chini hiyo, kijana," akasema. "Hujui kilichomo."

Alikuwa sahihi. Rangi za mafuta za zamani zilitengenezwa sana kwa madini ya risasi, hasa zile nyeupe na zile zilizochanganywa na nyeupe. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kudhibiti risasi nyeupe katika kazi ya upakaji rangi mwaka 1921, lakini hata nchi kama Marekani haikuzipiga marufuku rangi za risasi kwenye nyumba za kuishi mpaka mwaka 1978. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, ambao ubongo wao bado unakua na mikono yao haiachi kwenda mdomoni. Ukisugua rangi hiyo ikiwa kavu, inakuwa vumbi linalotua kwenye sakafu, kwenye nguo na kwenye vichezeo. Ukiibabua kwa moto, inatoa moshi wa sumu.

Tulipeleka vipande vidogo maabara. Nguzo na kingo za baraza zilikuwa na risasi. Ukuta haukuwa nayo. Watoto wakahamia uani mpaka kazi ya mbao iishe. Palipokuwa pakibambuka tulipalowesha kwanza ndipo tukakwangua, sakafu ikiwa imefunikwa karatasi ya plastiki, sisi tukiwa na barakoa zenye kichujio na nguo ambazo hazikuingia ndani ya nyumba. Rangi iliyoshika vizuri hatukuigusa. Rangi ya risasi iliyotulia chini ya mikono miwili ya rangi mpya na nzima haina madhara kama ile iliyogeuzwa vumbi, na tamaa ya kufika kwenye mbao tupu kila mahali ni tamaa ya kuiacha.

Kabla ya hapo, nyuma ya ubao wa dirisha mahali ambapo jua halifiki, nililowesha sehemu kama nusu ya kiganja nikaikwangua kwa wembe, taratibu sana, nikiacha duara ndani ya duara kama pete za shina la mti. Nguzo nayo nikaifanyia vivyo hivyo karibu na dari. Zikatokea moja baada ya nyingine: nyeupe, kijivu, samawati hafifu, nyeupe iliyogeuka rangi ya mfupa, kijani, na chini yake nyekundu nzito, ile tunayoiita damu ya mzee. Chini ya hiyo kulikuwa na utando mwembamba wa waridi, na nusura niuchukue kuwa ndio rangi ya kwanza ya nguzo. Fundi akanionyesha namna ya kujua: rangi iliyowahi kuishi nje huwa na mstari mwembamba wa uchafu juu yake, vumbi na masizi yaliyotua kabla ya mkono mwingine kupita. Waridi haikuwa na mstari huo. Ilikuwa prima, mkono wa kuiandaa mbao ishike rangi, haikuwahi kuonwa na mtu zaidi ya siku chache.

Jambo jingine alilonifundisha ni kutoiamini rangi iliyofukuliwa siku ileile. Mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi za zamani yakikaa gizani huingia umanjano, na kijani unayoifukua leo si kijani waliyoiona wenyewe. Ukiiacha wazi penye mwanga siku kadhaa, sehemu ya umanjano ule huondoka.

Nilimwita Mama. Alileta uso karibu, bila kugusa maana nilikuwa nimemkataza, akatazama kwa muda mrefu. "Nguzo zilikuwa hivi nilipohamia hapa," akasema. "Baba yako alizipaka kijani mwaka uliozaliwa wewe."

Sikujua. Nimekua barazani pale, nimejifunza kusoma nimeegemea nguzo ile, na nilidhani kijani ndiyo rangi yake ya kuzaliwa.

Ukutani habari ilikuwa nyingine kabisa. Chini ya kijivu yangu kulikuwa na mikono miwili mitatu ya rangi za maji za kisasa, na chini yake chokaa, tabaka juu ya tabaka, yenye manjano tulivu ya udongo. Chini ya chokaa, lipu ya chokaa. Kuanzia sakafuni mpaka kimo cha goti, rangi za kisasa zilikuwa zimevimba malengelenge, na ukiyabonyeza yanatoa unga mweupe wa chumvi. Fundi wa kwanza, yule aliyenisaidia kupaka kijivu, alikuwa ameyapasua, akaziba kwa puti na kupaka juu. Ndani ya wiki tatu yakarudi palepale.

Yule mzee alinieleza kwa maneno machache: ukuta wa namna hii hauna kizuizi cha unyevu chini, maji hupanda kidogo kidogo kutoka ardhini, na tangu ulipojengwa ulikuwa ukiyatoa kupitia usoni mwake. Ukiuvika ngozi ya plastiki, maji hayaachi kupanda. Yanakosa pa kutokea, yanasukuma. Basi hata kama ningepata kijivu kamili isiyo na tone la buluu, ingebambuka. Nilikuwa nimeuliza swali la rangi gani kabla ya swali la ukuta huu unakubali nini.

Tukarudi kwenye chokaa. Ilibidi kwanza kuondoa rangi zote za maji, kwa sababu chokaa hujishika kwa kunyonywa na ukuta na haishiki juu ya plastiki. Ukuta wa baraza peke yake ulitumaliza wiki tatu. Kisha kila asubuhi tulilowesha ukuta, tukapaka utando mwembamba kama maziwa, tukauacha ukauke polepole kivulini, na kwa mara hii upande wa magharibi ukawa neema kwetu, maana jua likiiwahi chokaa hukauka kabla ya kuiva na kubaki unga unaoshika kwenye nguo. Kuiva kwake si kukauka kwa maji tu: chokaa huvuta hewa ukaa kutoka hewani na kugeuka tena kuwa jamaa ya jiwe lilelile ilikotoka. Mkono wa kwanza ukipakwa hauonekani kitu, ukuta unabaki kama umelowa tu. Unakwenda ndani kula, ukitoka umekuwa mweupe. Tulipiga mikono mitano.

Chokaa pia ilinipunguzia uchaguzi, na naona hilo lilinisaidia zaidi ya kadi zote. Chokaa mbichi ni kali, inaua rangi nyingi; ile buluu iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, kwa mfano, huharibika ndani yake. Zinazostahimili vizuri ni rangi za udongo: manjano, nyekundu, kahawia, zote za jamaa ya kutu ya chuma. Na hizo ndizo zisizochujuka juani, kwa sababu kutu ni chuma kilichokwisha kuungua. Jua halina cha kukitoa tena. Michoro ya mapangoni ya maelfu ya miaka imebaki kwa udongo huohuo. Kwa hiyo sikuwa tena na rangi elfu mbele yangu. Nilikuwa na udongo wa manjano, na swali moja tu, kiasi gani. Nilichanganya vipimo vinne kwenye mikebe, nikavipaka kwenye vipande vya lipu, nikasubiri vikauke kabisa kabla ya kusema lolote, maana chokaa ya rangi ikikauka hupauka mno kuliko ilivyokuwa ndani ya ndoo.

Kwa mbao za nguzo na kingo, uchaguzi ulibaki wazi, na hapo ndipo mimi na dada tulipotofautiana. Dada alitaka kila kitu kiwe cheupe, nguzo, kingo, dari, miimo ya milango. Alisema nyeupe ni safi, haina makosa, na nyumba za zamani hupendeza zikiwa nyeupe. Nami nilitaka kijani ya Baba, tangu Mama aseme lile neno. Kila mmoja wetu alikuwa na sababu njema na hakuna aliyekuwa akimtazama mtu anayekaa pale kutwa.

Lililotufumbua macho lilitokea katika mwezi uleule wa kutazama. Jioni moja Mama alishuka kwenda kufunga lango. Ngazi za baraza ni nne, za saruji, na zilikuwa zimepakwa kijivu sawa na sakafu. Akahesabu tatu. Ile ya nne haikuwepo machoni pake. Hakuvunjika, lakini goti lilivimba wiki mbili, na kilichoniuma zaidi ni kwamba baada ya hapo akawa haketi tena barazani jioni. Aliketi ndani, karibu na dirisha, akitazama nje.

Mama ana mtoto wa jicho. Anaona, anasoma herufi kubwa, lakini ulimwengu wake umefifia na mwanga mkali unamuumiza. Nilipokaa kwenye kiti chake nikijaribu kuona anachokiona, nilitambua kwamba mimi nilikuwa nikichagua rangi kwa ajili ya mtu anayepita barabarani.

Niliposoma kuhusu macho dhaifu nikajifunza jambo ambalo sasa ningelitanguliza kabla ya jingine lolote: jicho lililofifia halisaidiwi sana na tofauti ya jina la rangi kama linavyosaidiwa na tofauti ya mwanga. Nyekundu na kijani zilizokolea sawasawa kwake huweza kuwa karibu kitu kimoja. Watengenezaji wengi wa rangi hupima kiasi cha mwanga ambacho kila rangi hurudisha, kutoka 0 kwa nyeusi kamili hadi 100 kwa nyeupe kamili, na namba hiyo mara nyingi imeandikwa nyuma ya kadi, mahali nisipowahi kupaangalia. Miongozo ya majengo ya Uingereza inapendekeza tofauti ya pointi 30 baina ya vitu viwili ambavyo mtu asiyeona vizuri anapaswa kuvitofautisha, kama vile ukuta na sakafu. Kama huna namba, ipo njia ya simu: piga picha, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Nilipiga picha ngazi zetu. Kwenye picha isiyo na rangi hapakuwa na ngazi kabisa, palikuwa na mteremko mmoja wa kijivu. Niliitazama picha ile huku goti la Mama likiwa limefungwa bandeji, na sikuhitaji ushahidi mwingine.

Sakafu tukaipaka nyekundu ya udongo iliyokolea, ya aina isiyong'aa. Rangi ya sakafu yenye kung'aa, jua la jioni likiingia chini chini, hugeuka kioo, na mwako ule kwa jicho la Mama ni ukuta wa mwanga. Tulichanganya mchanga laini uliochekechwa ili isiteleze ikilowa. Kwenye ukingo wa kila ngazi tukavuta mstari wa rangi ya pembe za ndovu, upana wa vidole vitatu, juu na usoni, ili uonekane kwa anayeshuka na kwa anayepanda. Fundi alitaka kuuacha ule wa mwisho wa chini kwa sababu nyayo zitauchafua. Nikamwambia huo ndio wa kwanza kupakwa, na ukichafuka nitaupaka tena kila mwaka.

Dari haikunisumbua. Ilikuwa nyeupe yenye chembe ya manjano ya udongo, kwa sababu mwanga wa sebule unaanzia pale: dari ya baraza ikiwa nyepesi huusukuma mwanga ndani kupitia madirisha, ikiwa nzito sebule inakuwa pango.

Zikabaki nguzo. Nilitengeneza mbao za majaribio, kila moja ukubwa wa gazeti lililofunguliwa, zikapigwa prima na mikono miwili kamili, na pembeni nikaziachia mpaka mweupe ili rangi ya jirani isiniharibie macho. Nyeupe ya dada, kijani ya Baba, kijivu nzito, kahawia, na ile damu ya mzee. Tulizihamisha kwa siku tisa. Zilisimama kivulini asubuhi, zikasimama juani saa kumi, siku moja zikanyeshewa. Tulizitazama kutoka langoni na kutoka sebuleni kupitia dirisha. Kadi ndogo haiwezi kukufanyia hivyo, na viraka vya rangi tofauti vilivyopakwa vikigusana ukutani ni vibaya zaidi, kwa sababu kila kimoja kinasema uongo juu ya mwenzake.

Kijani ya Baba ilikuwa nzuri sana asubuhi. Jioni, kwenye mwanga mwekundu, ikawa karibu nyeusi, na ubao wenyewe ulipata joto hata nikaondoa mkono. Rangi nzito juani huvuta joto, mbao hutanuka na kusinyaa, na viungo vya nguzo za zamani hufunguka na kuingiza maji. Niliisimamisha pembeni kwa masikitiko. Kijivu na kahawia zilipotea mbele ya mawe ya msingi.

Nyeupe na damu ya mzee zikabaki. Dada alisimamisha nyeupe mahali pa nguzo, tukamwita Mama aketi kwenye kiti chake. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. "Iko wapi?" akauliza. Nyuma ya ubao kulikuwa na anga iliyowaka, na nyeupe ilikuwa imemezwa nayo. Dada akausogeza kidogo, akauinua. Mama akafinya macho. "Naona mikono yako tu, mwanangu."

Dada hakubishana tena. Aliushusha ubao, akachukua mwenyewe ule wa damu ya mzee, akausimamisha mahali palepale.

"Hiyo naiona," akasema Mama. "Hiyo ni nguzo."

Ilikuwa nzito pia, na nilijua nayo itapata joto, ingawa ilibaki nyepesi kuliko ile kijani. Kwa hiyo tuliziba kila ufa, tukanywesha prima sehemu za chini za nguzo ambako mbao zimekatwa na maji hupenda kuingilia, na tukahakikisha wekundu wake ni wa kutu ya chuma na si zile nyekundu kali zinazochujuka kuwa waridi baada ya misimu michache. Tulijaribu pia kujua rangi ya zamani iliyokuwa juu ya nguzo ni ya mafuta au ya maji, kwa kuisugua na kitambaa chenye spiriti: ya maji hulainika na kuacha rangi kitambaani, ya mafuta haijali. Yetu ilikuwa ya mafuta, na bila prima ya kushika ingeikataa rangi ya maji tuliyonunua. Makopo yote tukayamimina kwenye ndoo moja kubwa tukayakoroga pamoja kabla ya kuanza, maana makopo mawili yenye namba moja si lazima yafanane, na nguzo mbili zilizo jirani hutoa siri hiyo hadharani.

Kijani ya Baba sikuiacha iende. Mlango wa mbele uko ndani kabisa ya baraza, jua haliufikii ila robo saa ya mwisho. Tuliupaka kijani ile, tuliyoitafuta kutoka kwenye kipande kilichokaa mwangani wiki nzima dirishani kwangu. Mpini ukazungushiwa nyeupe ili mkono uupate.

Ukuta ulipoiva, manjano yake asubuhi ilikuwa tulivu, kama karatasi ya barua ya zamani, na ubuluu wa kivuli ulipokuja juu yake ulipata kitu cha kupatana nacho badala ya kuongezea. Jioni ikawaka. Sura mbili kwa siku moja bado zipo, na sasa ninazingojea zote mbili.

Siku ya tano baada ya ngazi kukauka, nilikuwa naosha brashi uani. Dada akaja mbio akanivuta mkono bila kusema. Tulichungulia kutoka pembeni mwa nyumba. Mama alikuwa amesimama juu ya ngazi, mkono kwenye nguzo. Akatazama chini. Akashuka moja, akatulia, akashuka ya pili, ya tatu, na ya nne, mguu wake ukitua nyuma kidogo ya mstari mweupe kila mara. Akaenda mpaka langoni, akalifunga, akarudi, akapanda, akaketi kwenye kiti chake kulitazama jua likizama.